Kijiko cha Rhotia

Endamarariek, Karatu
6 Agosti 2023

Mpwa wangu Angelina,

Mimi mjomba wako Tluway ni mzima kama nguzo ya umeme, mama yako ni mzima, na mbuzi ni wazima isipokuwa yule wa pembe moja ambaye hajawahi kuwa mzima tangu azaliwe. Ulisema nikuandikie badala ya kupiga simu, kwa kuwa huko Ololosokwan mpaka upande kilima ndiyo upate mtandao, na nyati nao wamekipenda kilima hichohicho. Umefanya vizuri. Kwenye simu watu hunikatiza, "Mjomba, fupisha." Karatasi haijawahi kunikatiza. Msafiri, yule dereva wa watalii, amekubali kuwa posta yetu. Anapita geti la Ngorongoro na barua yangu kifuani kama amebeba siri ya serikali.

Sasa kazi. Nimelipima korongo mwenyewe. Kutoka ukingoni mpaka ukuta wa jiko la mama yako ni hatua kumi na nane. Mwaka jana zilikuwa thelathini na moja, na hatua zangu unazijua, si za mtu mfupi. Redioni wanatangaza mvua kubwa mwisho wa mwaka. Kwa hiyo kuuza kile kiwanja chako cha Arusha ununue kijiko cha kuchimbia kilichotumika, kikate mfereji wa kuchepusha maji kule juu na kulaza zile kingo, halafu Desemba mkataba wako wa upishi kambini ukiisha urudi nyumbani uwachimbie watu malambo, hayo ni mawazo ya mtu mwenye damu yangu. Na kunipa mimi kazi ya kukuchagulia hicho kijiko ni wazo bora kuliko yote.

Maana, Angelina, vijiko nilivijua kabla hawa vijana wanaoviita eskaveta hawajaota meno. Wakati wa kujenga barabara nilikaa kwenye kijiko cha tani ishirini. Siku moja tembo dume akatoka msituni, akasimama mbele yangu. Mwingine angekimbia. Mimi nikashusha bakuli taratibu nikamkuna mgongo kwa yale meno, pale katikati ambapo mkonga haufiki. Akafumba macho. Kesho yake akaja na wenzake wawili. Msimamizi akanikata posho ya siku mbili kwa kuhudumia wanyama saa za kazi.

Jana tulikwenda mjini Karatu kwa Talha, muuza mitambo. Nasema tulikwenda kwa sababu mama yako alijialika. Alisema, "Tluway, mdomo wako naujua. Nataka kuona mwenyewe kitu ambacho mwanangu anakitolea jasho." Talha ana kijiko cha njano, kimepakwa rangi mpya kinang'aa kama bibi harusi. Nikaweka kiganja kwenye injini. Moto! Nikamwambia, "Bwana Talha, mbona mgonjwa ana homa kabla ya daktari kufika?" Akasema alikiwasha kidogo kukisafisha koo. Ukisikia hivyo ujue asubuhi ya baridi hakiwaki mpaka kiombewe. Mita inasema kimefanya kazi saa elfu tatu tu, lakini pedali zimelika kama kisigino cha mtu asiyejua viatu. Halafu kwenye mkono, chini ya rangi, nikagundua mshono wa kuchomelea, urefu wa shubiri mbili. Mama yako anadai aliyekwangua rangi kwa ufunguo wa nyumba ni yeye. Tusibishane.

Talha ni mstaarabu, akatupa soda. Kijiko tukakikataa, soda tukanywa.

Mjomba wako, jicho la familia,
Tluway


Ololosokwan
19 Agosti 2023

Shikamoo Mjomba,

Barua nimeipata, nimewasomea wenzangu jikoni. Nosim, anayekata mboga pembeni yangu, amezaliwa hapa na amekua na tembo mlangoni. Anauliza ni sehemu gani hiyo ya mgongo ambayo mkonga haufiki. Anasema tembo akitaka kujikuna hujisugua kwenye mti, hahitaji mtumishi wa barabara. Nimemwambia tembo wa Karatu ni tofauti, wamezoea huduma.

Asante kwa kukikataa cha Talha. Ninachotaka unakijua. Kidogo, cha tani tano hivi, kipite njia ya shambani bila kuvunja ua wa jirani. Kisiwe na rangi ya kuficha kitu. Na tukipate kabla Oktoba haijaisha, Mjomba, kwa sababu hizo hatua kumi na nane zinaninyima usingizi. Ukisema hiki ndicho, nalipa siku hiyohiyo.

Jambo la pili. Niandikie mama anaishije. Nikipanda kilima nikimpigia anasema, "Salama, na wewe je?" halafu anampa jirani simu. Tangu baba afariki, miaka saba sasa, hata kicheko chake nimekisahau kilikuwaje. Unajua alivyokuwa. Kwa habari za mama tu, Mjomba, nakuomba usitie chumvi.

Mpwa wako,
Angelina


Endamarariek
3 Septemba 2023

Angelina mpwa wangu,

Chumvi mimi nimeacha, daktari amenikataza.

Nimepata kijiko Rhotia. Mwenyewe ni mzee mmoja anaitwa Hilary. Mzee namna ya kusema, labda ananizidi miaka sita. Aliwachimbia malambo watu wa mashamba ya kahawa miaka mingi, sasa mgongo umemkatalia kutetemeshwa. Mke wake alifariki miaka minne iliyopita, watoto wako Dodoma. Kijiko chake kimekaa kwenye banda la mabati. Rangi imepauka, hakuna anayejua ilikuwa njano au chungwa. Hakuna kilichofichwa. Kila mkwaruzo una hadithi yake na anakwambia.

Mara ya kwanza hatukukiwasha. Kwenye kiti cha dereva palikuwa na kuku anaatamia mayai kumi na moja. Hilary akanyoosha mkono amhamishe, mama yako akamzuia. "Mwache. Mashine inaweza kungoja. Mayai hayawezi." Hilary akamwangalia, akasema, "Mama, umetoka Endamarariek kuangalia kuku au kijiko?" Mama yako akasema, "Nimekuja kuangalia mtu anayeuza. Anayemtoa kuku kwenye mayai atashindwa vipi kuniuzia injini mbovu?" Nilitaka ardhi inimeze. Yule bwana hakukasirika. Alitwambia turudi baada ya siku tisa.

Tukarudi. Vifaranga tisa, mayai mawili viza. Nikaweka kiganja kwenye injini, baridi kama jiwe la alfajiri. Hilary akawasha, ikawaka mara moja, moshi kidogo tu, tena mweupe wa kuaga. Nikatingisha bakuli kwenye pini zake, halikulia. Minyororo ya kutembelea imelika sawasawa pande zote mbili. Nikachomoa kijiti cha mafuta, nikanusa, nikaonja kidogo. Ndiyo, nilionja. Wewe ni mpishi, unajua.

Halafu nikafanya mtihani wangu mkuu, ambao nawafundisha mafundi wa Arusha. Unajaza bakuli mawe, unauinua mkono juu kabisa, unazima injini, unapima kwa fimbo kutoka kwenye meno ya bakuli mpaka chini, halafu unakwenda kunywa chai. Kama mitungi ya haidroliki inavuja kwa ndani, bakuli litashuka lenyewe taratibu kama mtu anayesinzia kanisani.

Chai akapika Hilary mwenyewe. Mama yako akashika kikombe, akakigeuza kwenye mwanga, akanyanyuka akaviosha vyote upya. Hilary akasema, "Hivyo vimeoshwa asubuhi."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Inaonekana."

"Basi mama, ukimaliza hapo na sufuria ipo, na ile nyingine nyuma ya mlango, na mimi mwenyewe Jumamosi nitakuwa nyumbani."

Angelina, mama yako akacheka. Nikageuka kutazama mlangoni, nikadhani kuna mtu ameingia. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Ile chai ilichukua saa mbili na nusu. Tuliporudi bandani bakuli lilikuwa palepale, halijashuka hata upana wa kidole. Kwa hiyo sijaridhika. Kitu kizima namna hiyo kinatia shaka. Nitarudi kukichunguza zaidi.

Mjomba wako mwenye hadhari,
Tluway


Ololosokwan
12 Septemba 2023

Shikamoo Mjomba,

Nimeisoma barua yako mara tatu natafuta kasoro ya hicho kijiko. Sijaiona. Kinawaka na baridi, pini hazilii, bakuli halishuki. Sasa unachunguza nini tena? Mwambie Mzee Hilary tunanunua, akuandikie hati na aseme nimlipe wapi.

Hiyo ya mama kucheka mpaka akaweka kikombe chini nimekusamehe. Najua unataka kunifurahisha. Lakini nilikuomba, Mjomba. Tembo wakune upendavyo, mama mwache alivyo.

Jana huku kumenyesha kidogo, si msimu wake. Niliamka nikafikiria jiko.

Angelina


Endamarariek
1 Oktoba 2023

Mpwa wangu mpendwa,

Usiwe na haraka ya mtu wa mjini. Tumerudi Rhotia mara nne, na kila mara nagundua kitu. Kile kijiko kikizunguka kulia kinakwenda vizuri, kikizunguka kushoto kina aibu kidogo. Hilary anasema hajawahi kuiona hiyo aibu. Mimi nimeiona. Halafu lazima kijaribiwe mlimani, na mahali penye upepo, na siku ya jua, na siku ya mawingu. Alhamisi nilichimba nacho shimo la majaribio nyuma ya nyumba yake, nikafika maji kwa bakuli la nne, na katika maji hayo akatoka kambale hai. Hilary ni shahidi, ingawa alikuwa ndani.

Mama yako anakuja kila safari, maana mimi peke yangu haniamini. Mara ya mwisho alivaa kile kitenge cha kijani ulichomletea Krismasi ya mwaka juzi, kilichokuwa bado na mikunjo ya dukani. Alibeba na samli. Nikamwuliza samli ya nini, akasema pini za kijiko zinahitaji mafuta. Pini kwa samli, Angelina! Mimi nikanyamaza, mtu wa hekima hunyamaza.

Kule wanakaa kibarazani wanachambua maharage ya yule bwana na kubishana. Mbegu ipi inavumilia ukame. Padri yupi alihubiri kwa urefu zaidi. Mimi nakaa bandani na kijiko, nakipima.

Korongo limefika hatua kumi na tatu. Kile kimvua cha wiki iliyopita kilichukua mpapai. Usiogope, mimi nipo.

Tluway


Ololosokwan
8 Oktoba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Nitaandika kwa kifupi kwa sababu nimekasirika na sitaki kukuvunjia heshima.

Hatua kumi na tatu. Mpapai umekwenda. Na wewe unaniandikia kambale.

Msafiri ameniambia kila akipita Rhotia anaiona baiskeli yako imeegemea ua wa Mzee Hilary. Dereva mwenzake amewakuta mnakula makande kama watu wa harusi. Nimejiuliza, mtu anayekwenda kuangalia mashine mara sita, tena mashine isiyo na ubaya, anatafuta nini? Niambie kweli. Umeahidiwa cha juu? Kama mnavutana juu ya fungu lako na huyo mzee, sema ni kiasi gani, nitakupa mimi mwenyewe, lakini usikae na mama yangu kwenye ukingo wa korongo kwa ajili hiyo.

Talha nimempigia kutoka kilimani. Kile cha njano bado kipo, anasema ule mshono umekazwa vizuri. Nisipopata jibu la maana kutoka kwako, Jumatatu ya tarehe kumi na sita namlipa Talha. Najua hakifai. Lakini kibovu kinachochimba ni afadhali kuliko kizima kinachonyweshewa chai.

Angelina


Endamarariek
12 Oktoba 2023

Angelina,

Msafiri ameleta barua asubuhi, nimemwomba asiondoke. Anakunywa uji nje, injini inanguruma, watalii wako ndani ya gari wanapiga picha punda wangu. Kwa hiyo sina muda wa kupamba.

Cha juu sijaahidiwa, sijaomba, sijapewa. Unajua mimi ni mtu wa maneno mengi, lakini kitu cha mtoto wa dada yangu Lusia sijawahi kukigusa. Ulipoandika vile niliikunja karatasi nikaikalia.

Kijiko kilikuwa kizuri tangu siku ya kwanza. Tangu kuku. Hakina aibu ya kushoto. Kambale sikumwona.

Kweli ni hii. Alicheka, Angelina. Nilikuandikia ukasema ni chumvi, na sikulaumu, maana nimekutilia chumvi tangu ukiwa mgongoni. Lakini hiyo haikuwa na chumvi hata punje. Miaka saba nalala nyumba ya pili na dada yangu, nimemsikia akikohoa, akifagia, akisali. Kucheka, hapana. Siku ile tulipotoka Rhotia alikaa nyuma kwenye baiskeli, kwenye ule mteremko ambao kila mtu hupiga kelele, na yeye anaimba. Nikawaza, kijiko kikinunuliwa, tutarudi huku kwa sababu gani? Mjane wa miaka hamsini na sita, mama wa jumuiya, ataamka asubuhi aseme anakwenda Rhotia kufanya nini? Nani atambeba? Kwa hiyo nikatafuta kasoro. Kasoro moja, safari moja. Nilikuwa nahesabu hatua za korongo kila asubuhi, Angelina, nikisema leo ya mwisho, leo ya mwisho.

Na sasa ngoja uone kama mjomba wako ni mjinga. Jana Hilary aliniita pembeni. Amesema kwa kuwa mimi ndiye kaka na neno la kwanza lazima lipite kwangu, anaomba tukubali amwoe mama yako. Na kuhusu kijiko, akasema, "Nitamdaije mtoto wa nyumba ile? Kitakuja tu shambani kwa Lusia, kitakaa huko." Bure! Wewe unabaki na hela ya kiwanja chako, korongo linazibwa, mama yako anacheka. Nimepiga ndege watatu kwa kokoto moja, nami sikuwahi hata kulenga.

Bado sijamjibu. Usimlipe Talha.

Msafiri anapiga honi.

Tluway


Ololosokwan
15 Oktoba 2023

Mjomba wangu,

Shikamoo, na nisamehe. Neno la cha juu nililiandika kwa hofu, na kama ningeweza kulifuta kwa ulimi ningelifuta. Sitamlipa Talha.

Nimekaa na barua yako nyuma ya ghala la jikoni. Nosim alinikuta nalia, akadhani kuna msiba. Nilimwambia hapana, mama yangu ameimba kwenye baiskeli. Alikaa chini na yeye.

Lakini Mjomba, hapana. Bure hapana. Mzee Hilary simjui, na huenda amesema kwa moyo safi. Ila wewe wajua watu wa kwetu. Kesho kijiko kikiwa shambani na mama akiwa Rhotia, watasema nini sokoni? Watasema Tluway na Angelina walikuwa na korongo, wakalijaza kwa Lusia. Na hata wasiposema, mama atajiuliza mwenyewe, siku akiamka na hasira kidogo, siku chai ikiwa haina sukari: nilikuja hapa kwa kutaka, au kwa shukrani?

Nitanunua. Na jambo lenyewe lisipite kwako wala kwangu kabla halijapita kwake. Ndani ya barua hii kuna karatasi ndogo nimeikunja mara nne. Ni yake. Usiifungue, Mjomba. Nakujua.

Angelina

*

Mama,

Shikamoo. Mjomba ameniambia habari za Rhotia. Usimkasirikie, nilimbana.

Mimi sikuulizi kitu. Nataka tu ujue kwamba kijiko nakinunua, na kwamba hakihusiani na wewe. Ukitaka kwenda tena kule, nenda. Usipotaka, usiende, na hakuna atakayekuuliza. Baba nilimpenda na bado nampenda. Sidhani upendo huo unalindwa na wewe kunyamaza.

Mwanao,
Angelina


Endamarariek
4 Novemba 2023

Mpwa wangu Angelina,

Karatasi ya mama yako sikuifungua. Niliishika kwenye mwanga tu, wino wako ni hafifu.

Aliisoma amesimama, akaiweka kifuani, akaniambia, "Lete baiskeli." Njiani alinibana mpaka nikasema yote, posa ya Hilary na kijiko cha bure. Kufika Rhotia hakukaa. Hilary ameshaweka sufuria jikoni, mama yako amesimama uani na mkoba wake. Akasema, "Baba, nasikia umempa kaka yangu kijiko." Hilary akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia vifaranga, wamekua sana. Mama yako akasema, "Taja bei uliyomtajia mtu wa kwanza kabisa aliyekuja kukiulizia, kabla yetu." Hilary akataja ya chini. "Hiyo siyo. Taja ile." Akataja ile. Nimefanya biashara maisha yangu yote, sijawahi kumwona mnunuzi anapandisha bei na muuzaji anaomba ishuke. Walibishana hivyo mpaka mwenyekiti wa kitongoji akaitwa, akauliza nani hapa ni nani.

Hati ikaandikwa mbele ya mwenyekiti, jina lako, jina lake, namba ya injini, mashahidi wawili. Wewe ukalipa siku ile, kama ulivyoahidi. Halafu mama yako akasema mbele ya watu wote, "Mashine inakuja. Wewe, baba, unabaki." Basi. Tukaondoka. Chai ilikuwa inachemka, naisikia. Hilary alibaki mlangoni ameshika taulo la jikoni. Nilimwonea huruma, nikarudi nikachukua kikombe kimoja, isionekane tumemdharau.

Kijiko kikaletwa na lori. Dereva tuliyemkodi Karatu amefanya kazi siku sita. Mfereji umekata shamba kule juu kutoka kwa jirani yetu Josephati mpaka kwenye mawe, kingo za korongo zimelazwa, tumepanga mawe na kupanda matete, jumuiya nzima ilikuja. Siku ya tano nilimwomba dereva anipishe kidogo niwaonyeshe vijana. Angelina, kijiko cha tani tano si kama cha tani ishirini, kina wepesi fulani. Choo chetu hakipo tena. Kilikuwa kibovu, nimekitangulia tu. Mama yako aliuliza kama kulikuwa na tembo ndani anahitaji kukunwa.

Nitakwambia jambo na ulichome baada ya kusoma. Kwenye ile barabara sikuwahi kuendesha kijiko. Nilikuwa mtu wa kupaka grisi. Miaka miwili nililala chini ya mashine hizo nikipaka pini zake, ndiyo maana najua zinapolia na zisipolia. Tembo alikuwepo. Alikuwa mbali.

Rhotia hatujarudi. Majuma mawili sasa. Mama yako hataji. Hilary hajaja, amefuata alivyoambiwa. Mimi siulizi, na unajua inavyoniuma kutouliza. Naona kama tumepata kijiko tumekosa kile kingine.

Wako,
Tluway


Endamarariek
19 Novemba 2023

Mwanangu Angelina,

Mimi si mwandishi kama mjomba wako. Nimekaa na kalamu hii tangu tulipotoka misa.

Mvua imekuja. Juzi ilinyesha kutwa nzima, kubwa kuliko niliyowahi kuiona. Nilisimama mlangoni mwa jiko. Maji yalishuka kutoka kwa Josephati yakiwa mekundu na kelele, yakafika kwenye mfereji wako, yakageuka. Yalipita kule kwenye mawe. Mjomba wako alikuwa kwenye mvua na jembe, anayapigia kelele maji kama ng'ombe. Korongo halijala hata unyayo.

Karatasi yako ninayo. Niliogopa utaona nimemsahau baba yako. Alinioa kwa mtamba mmoja na mzinga wa asali, unajua kwetu mahari si kubwa, na hakuna siku hata moja aliyonifanya nione kwamba nimetolewa kwa kitu. Ndiyo maana sikuweza kutolewa kwa kijiko. Mimi niwe mwanamke wa kwanza Endamarariek kuposwa kwa tani tano? Hilary si mtu mbaya, alisema kwa wema. Lakini wema wa namna hiyo ukiupokea unakaa nyumbani mwako kama mgeni asiyeondoka.

Mjomba wako anadhani nimekataa. Anazunguka uani ananitazama kama mtu aliyepoteza ufunguo. Alikuwa anafikiri mtu anahitaji sababu ili aende Rhotia. Mimi nilikuwa nahitaji sababu ziishe. Nilitaka nione kama kijiko kikiondoka, na korongo likizibwa, na hakuna tena cha kuchagua wala cha kupima, bado nitakuwa nataka kwenda. Nimengoja majuma manne. Nimepanda, nimepalilia, nimefua.

Bado nataka.

Kesho barabara ikikauka nitakwenda. Nitapanda gari la abiria, sitaki baiskeli ya mtu. Sibebi samli wala maharage. Akiniuliza nimekuja kuangalia nini, nitamwambia sikuja kuangalia kitu, baba, nimekuja.

Urudi salama Desemba. Utanikuta hapa au utanikuta kule, lakini utanikuta.

Mama yako,
Lusia